Mwongozo kamili: kutoka vyeti vya nyumbani mpaka kufundisha watoto wadogo Texas, hatua kwa hatua

Hii nimeiandika kwa sababu watu wetu huku Houston, Dallas, Fort Worth mpaka Abilene wanakwama sehemu ileile kila mwaka. Mtu alikuwa mwalimu Kisumu au Mwanza au Bukavu, ana miaka kibao darasani, anafika Texas anaambiwa walimu wanahitajika, analipa pesa kwa programu ya kwanza anayoiona onlaini halafu anaambiwa digrii yake haijatathminiwa, au GPA (wastani wa alama zake za chuo) haisomeki, au lazima afanye mtihani wa Kiingereza kwanza. Mwingine anamaliza mafunzo ya dei kea anaenda kuomba kazi ya Pre-K, darasa la kabla ya chekechea, shule ya serikali, anakataliwa, na hakuna anayemwelezea kwa nini.

Wengi wa hawa uwezo wanao. Kinachowaangusha ni mpangilio, wanaanza na hatua ya sita kabla ya ya kwanza. Fuata huu mtiririko kama ulivyo, hata kama rafiki yako amekwambia kuna njia ya mkato.

Halafu jambo moja kabla hatujaanza: haya ni ya Texas. Sheria za cheti cha ualimu Marekani zinatungwa na kila jimbo, kwahiyo shemeji yako aliyepita kirahisi Kentucky au Minnesota alipita kwa sheria nyingine kabisa.

## Milango ni miwili, jua wa kwako

Kufundisha mtoto wa miaka minne Texas kuna njia mbili na kila moja ina ofisi yake.

Mlango wa kwanza ni dei kea, vituo binafsi vya kulea watoto. Hivi vinasimamiwa na Texas Health and Human Services, watu wanafupisha HHSC. Hapa hauhitaji digrii wala cheti cha ualimu.

Mlango wa pili ni shule za serikali, yaani Pre-K, chekechea na kuendelea. Hizo ziko chini ya Texas Education Agency, TEA, na cheti chenyewe kinatolewa na bodi inaitwa SBEC. Hapa lazima uwe na digrii ya kwanza, upitie programu ya maandalizi iliyoidhinishwa, ufaulu mitihani, utume maombi na upigwe alama za vidole. Hayo matano hakuna linaloruka.

Makaratasi ya mlango wa kwanza hayafungui mlango wa pili. Masaa yako ya mafunzo ya dei kea TEA hawayahesabu kama maandalizi ya ualimu. Kitu kimoja tu kinakusaidia pande zote mbili, nacho ni CDA, nitakielezea hatua ya nne.

Kama una digrii, lengo lako ni mlango wa pili ila unaweza kuingia kazini kupitia wa kwanza huku unasubiri. Kama una cheti cha Daraja A, P1, diploma ya ualimu au diplôme d'État peke yake, anza mlango wa kwanza bila aibu na upange kumaliza digrii taratibu. Mshahara wa mlango wa kwanza ni mdogo, hilo nisikufiche, ndio maana nasisitiza usikae hapo milele kama una uwezo wa kusogea.

## Vitu vya kukusanya kwanza

Kusanya vyote kabla haujalipa hela kwa mtu yeyote:

- Kibali cha kufanya kazi au green card, na namba ya Social Security
- Cheti cha digrii na transkripti kamili, ikiwezekana ikiwa kwenye bahasha iliyofungwa na chuo au chuo kiitume chenyewe kwa barua pepe
- Vyeti vya sekondari: KCSE kwa Mkenya, vya NECTA vya Form 4 na Form 6 kwa Mtanzania, diplôme d'État kwa Mkongo
- Tafsiri rasmi ya kila karatasi iliyo kwa Kifaransa au Kiswahili
- Kama ni Mkenya uliyesajiliwa, uthibitisho wa namba yako ya TSC
- Uthibitisho wa jina, kama jina la pasipoti na la cheti hayafanani

Hiyo ya mwisho watu wanaidharau. Cheti kinasema majina matatu, pasipoti ina mawili, na cheti cha ndoa kina jingine. Kila ofisi utakayopita itasimama hapohapo. Andaa hati ya kiapo au cheti cha ndoa kilichotafsiriwa mapema, na kuanzia leo tumia jina moja tu lililo kwenye kitambulisho chako cha Texas, herufi kwa herufi, kila fomu.

## Hatua ya 1: Digrii itathminiwe

Hapa ndipo wengi wanaanguka kwahiyo nitakaa hapa kidogo.

TEA haisomi transkripti ya Dodoma wala Lubumbashi moja kwa moja. Inataka ripoti ya kampuni ya tathmini inayosema digrii yako ni sawa na nini Marekani. TEA wana orodha ya kampuni wanazozikubali kwenye tovuti yao, chagua kutoka orodha hiyo tu. Usitumie ripoti uliyofanyiwa kwa ajili ya kazi ya hospitali au uhamiaji bila kuangalia kwanza kama kampuni ile iko kwenye orodha.

Agiza tathmini ya kozi kwa kozi. Ile ya bei nafuu inayosema tu "ana digrii" haina masomo wala GPA, na programu zitaikataa kwa sababu sheria inawataka waangalie vyote viwili. Utajikuta unalipa mara mbili.

Sasa tofauti za nchi, hapa ukae macho:

Mkenya, digrii ya B.Ed ya miaka 4 juu ya KCSE kwa kawaida haina shida kubwa.

Mtanzania, digrii nyingi za ualimu ni za miaka 3 baada ya Form 6, na kampuni hazikubaliani jinsi ya kuzihesabu, kuna zinazoiona ni digrii kamili na kuna zinazoandika ni miaka mitatu ya chuo. Kwahiyo tuma na cheti cha Form 6 kabisa, na kabla ya kulipa waandikie uwaulize wanazipimaje digrii za miaka mitatu za Tanzania. Jibu likija kwa maandishi ndio ulipe.

Mkongo, kama una graduat ya miaka 3 usiite digrii ya kwanza mpaka tathmini iseme hivyo, mara nyingi haifiki. Mwenye licence ya mfumo wa zamani, yaani graduat na miaka miwili juu yake, anasimama vizuri zaidi. Tuma zote mbili, relevés za kila mwaka, sio karatasi ya mwisho tu.

Na kwa ndugu zetu waliokimbia vita makaratasi yakabaki au yakaungua: kwanza jaribu kupitia mtu aliyeko kule aende chuoni mwenyewe, barua pepe peke yake hazijibiwi. Ikishindikana kabisa, njia inayobaki ni GED hapa, yaani mtihani unaolingana na cheti cha sekondari, halafu community college, huku unafanya kazi dei kea. Ni ndefu lakini ipo, na kuna watu wetu wameipita.

Umefanikiwa ukiwa na ripoti inayosema wazi digrii yako ni sawa na bachelor ya chuo kilichoidhinishwa Marekani, ina orodha ya masomo yenye kriditi na GPA. Kama GPA ni 2.5 au zaidi, uko sawa, hicho ndicho kiwango cha kuingia programu. Ikiwa chini, uliza kama wanaweza kutumia kriditi 60 za mwisho peke yake, hiyo inaruhusiwa na inawaokoa wengi ambao mwaka wa kwanza uliwaendea vibaya. Kuna pia nafasi chache za watu maalum chini ya 2.5 kwa kila kundi linaloingia, ila usiitegemee.

## Hatua ya 2: Kiingereza

Aliyesoma chuo nje ya Marekani anaweza kutakiwa kuonyesha TOEFL iBT. Viwango vya Texas viko juu kuliko watu wanavyodhani: kuongea 24, kusikiliza 22, kusoma 22, kuandika 21, kwa mizani ya 0 hadi 30 kila sehemu. Haiangaliwi jumla, kila sehemu lazima ifike. Kwa vile TOEFL wenyewe wamebadilisha mizani yao mwaka 2026, hakikisha na programu unayoilenga wanasoma vipi alama mpya.

Kuna msamaha kwa waliosoma kwenye nchi zilizo kwenye orodha ya SBEC ya nchi za Kiingereza. Angalia orodha yenyewe, usiamini alichokwambia mtu. Uliyesoma kwa Kifaransa, Kongo au Burundi, jiandae na mtihani toka sasa.

Kinachowaangusha watu wetu ni kuongea, na sio kwa sababu hawajui kuongea. Unaongea na kompyuta, muda wa kufikiri hamna wa maana, inakurekodi, na sisi tumezoea kuzunguka kidogo, kusalimia, ndio tufike kwenye hoja. Fanya mazoezi ya kujibu swali sentensi ya kwanza kabisa halafu ndio utoe sababu. Jirekodi kwenye simu kila siku ujisikilize.

## Hatua ya 3: Ingia kazini huku unasubiri

Tathmini inachukua muda, TOEFL inachukua muda. Usikae nyumbani.

Dei kea. Masharti ya Texas kwa mlezi: uwe na miaka 18, cheti cha sekondari au kinacholingana nacho, uchunguzi wa rekodi kwa alama za vidole, na mafunzo ya awali ya masaa 24. Masaa 8 kati ya hayo lazima yaishe kabla hawajakuhesabu kwenye idadi ya walezi, yanayobaki 16 ndani ya siku 90. Halafu masaa 24 ya mafunzo kila mwaka. Huduma ya kwanza na CPR ya watoto pia.

Jisajili kwenye TECPDS, ni mfumo wa jimbo wa kumbukumbu za walezi, ni bure. Pakia kila cheti cha mafunzo hapo. Ukihama kituo rekodi yako unaondoka nayo, na ukija kuomba skolashipu ya T.E.A.C.H. (ya kuwasomesha walezi wa watoto) au kazi nzuri zaidi hautaanza kutafuta karatasi kwenye droo ya meneja wa zamani.

Kabla haujakubali kazi, jua namba za kisheria za watoto kwa mlezi mmoja. Chini ya mwaka mmoja ni watoto 4, miezi 12 hadi 17 ni 5, miezi 18 hadi 23 ni 9, miaka 2 ni 11, miaka 3 ni 15, miaka 4 ni 18. Hizi ni za juu kabisa, kwa maoni yangu ni kubwa mno, mtu mmoja na watoto 11 wa miaka miwili ni kazi ya kukuvunja mgongo. Ukiona umeachwa na zaidi ya hapo mara kwa mara, hicho kituo kinavunja sheria na kukitokea ajali jina lako ndilo linaandikwa kwenye ripoti. Toka hapo.

Tafuta kituo chenye nyota za Texas Rising Star. Tangu sheria ya HB 2607 ya mwaka 2021, vituo vinavyopokea watoto wanaolipiwa na serikali vinatakiwa kuwa kwenye mfumo huo, na vya nyota nyingi vina watoto wachache kwa mlezi na vinajali zaidi masomo ya wafanyakazi wao.

Msaidizi wa mwalimu shule ya serikali. Kama una miaka miwili ya chuo, au Associate (digrii ya miaka miwili), au ukafaulu mtihani mdogo wa wilaya, unaweza kuwa msaidizi hata kwenye shule zinazopata pesa za serikali kuu za Title I. Hii mimi naipendelea kuliko dei kea kwa mwenye digrii, kwa sababu mkuu wa shule anakuona kila siku ukifanya kazi, na ukija kuhitaji kuajiriwa kama mwalimu wa mafunzo ana sababu ya kukuchukua wewe kabla ya mgeni.

## Hatua ya 4: CDA

CDA ni cheti cha kitaifa cha kulea na kufundisha watoto wadogo, kinatolewa na Council for Professional Recognition. Kinatakiwa: cheti cha sekondari, masaa 120 ya mafunzo yaliyogawanywa kwenye maeneo 8 na kila eneo lisipungue masaa 10, masaa 480 ya kazi na watoto, faili la kazi zako, mtaalamu wa kuja kukuangalia ukifundisha, na mtihani kwenye kompyuta. Kinadumu miaka 3 halafu unahuisha.

Kwa nini ujisumbue kama una digrii? Kwa sababu ya sheria ya Pre-K. Texas walipitisha HB 3 mwaka 2019, Pre-K ya siku nzima kwa watoto wa miaka 4 wenye sifa, wakiwemo wasiojua Kiingereza, kwahiyo watoto wetu wengi wamo. Mwalimu wa Pre-K ile lazima awe na cheti cha ualimu pamoja na sifa moja ya ziada ya watoto wadogo, na CDA ni mojawapo. Nyingine ni kama digrii ya elimu ya awali, cheti cha Montessori, au uzoefu wa miaka 8 wa kufundisha kwenye dei kea yenye ithibati ya kitaifa. Ukiwa nayo tayari, unakuja intaviu ukiwa umekamilika.

Kuna kitu kingine hapa. Mwaka 2023 ilipita HB 2729, inahusu wilaya zinazoshirikiana na dei kea kufundisha Pre-K ndani ya dei kea. Walimu wa upande wa dei kea wanaweza kufundisha bila cheti cha ualimu wakiwa chini ya usimamizi wa mwenye cheti, mradi wana sifa zinazotajwa kwenye sheria. Kwa mama aliye dei kea mwenye CDA na hana digrii hiyo ni nafasi ya kweli. Uliza meneja wako kama kituo kina ubia na wilaya. Sheria hii imewekewa tarehe ya kuisha, kwahiyo itumie kama daraja huku unasoma.

Tahadhari moja: masaa 120 yachukue kwa mtoa mafunzo anayekubalika na Council. Kuna kozi za siku mbili onlaini zinazotoa cheti kizuri cha rangi ambacho hakihesabiki popote.

## Hatua ya 5: Chagua cheti sahihi

Kabla ya programu, amua unataka kufundisha nani, kwa sababu mitihani inafuata cheti.

Kwa watoto wadogo kuna viwili vikuu. Cha kwanza ni Early Childhood mpaka darasa la 3, cha pili ni Core Subjects mpaka darasa la 6. Cha darasa la 6 kinakupa shule nyingi zaidi za kuomba. Cha darasa la 3 kimejikita kwa wadogo na kinakufaa kama una uhakika hautaki kwenda juu. Ushauri wangu kwa anayeanza bila kazi mkononi ni cha darasa la 6, wakuu wa shule wanapenda mtu wanayeweza kumhamisha darasa.

Kama ulikuwa mwalimu wa hesabu au fizikia sekondari kule nyumbani, simama ufikiri. Usikimbilie watoto wadogo kwa sababu tu watu wanakwambia ni rahisi. Kwa hesabu na sayansi za darasa la 7 kwenda juu unatakiwa kriditi 15 za somo hilo, masomo mengine 12, au ufaulu mtihani wa awali wa PACT badala yake. Mwenye B.Sc ya hesabu hizo anazo tayari na shule zinamtafuta.

## Hatua ya 6: Chagua programu

Sasa ndio hela inatoka mfukoni, na ni maelfu ya dola. Programu mbadala, yaani za wenye digrii tayari wanaotafuta cheti cha ualimu, Texas ziko za aina tatu kubwa: za makampuni binafsi, za vituo vya elimu vya kanda vinavyoitwa Education Service Center ambavyo viko 20 jimbo zima, na za vyuo na wilaya zenyewe.

Nenda tovuti ya TEA, tafuta orodha ya programu zilizoidhinishwa, angalia hali yake. Inaandikwa kama imeidhinishwa kikamilifu, imeonywa, au iko kwenye uangalizi. Usijiunge na iliyoonywa au iliyo kwenye uangalizi hata kama tangazo lake liko kila mahali, kwa sababu ikifungwa katikati wewe ndiye unayehangaika kuhamisha masaa yako.

Halafu waulize hivi, na upate majibu kwa barua pepe:

1. Mnakubali tathmini ya kampuni yangu hii? Tuma jina la kampuni.
2. Nalipa kiasi gani leo, na kiasi gani kitakatwa kwenye mshahara nikipata kazi?
3. Nisipopata kazi ndani ya mwaka inakuwaje?
4. Ni nani atakuja kunisimamia darasani, na yuko umbali gani na ninapoishi?
5. Mnaniruhusu lini kufanya mtihani?

Programu inayokwepa swali la tatu, achana nayo. Ile inayokwambia "kuanzia ni bei ndogo sana" soma mkataba mpaka mwisho, kwa kawaida deni lote linakuja ukishaanza kazi, na hiyo si mbaya ilimradi unajua mapema.

Mafunzo yenyewe ni yasiyopungua masaa 300, na nusu yake, 150, lazima yaishe kabla haujaanza kufundisha kama mwalimu wa mafunzo. Pamoja na hayo kuna masaa ya kukaa kwenye madarasa ya watu ukiangalia na kushiriki. Msaidizi wa shule ana nafuu hapa kwa sababu yuko ndani ya jengo tayari, ongea na programu kama baadhi ya masaa anaweza kuyapata palepale.

Umefanikiwa ukiwa na barua rasmi ya kukubaliwa na ukajiona kwenye mfumo wa TEA. Fungua ekaunti yako ya TEAL, mfumo wa TEA wa onlaini, sasa, kwa jina lilelile la kitambulisho.

## Hatua ya 7: Mitihani

Mitihani ya cheti inaitwa TExES. Alama ya kufaulu ni 240 kwenye mizani ya 100 hadi 300. Programu lazima ikupe ruhusa kwanza, huwezi kujisajili mwenyewe tu.

Kwa anayeenda Core Subjects mpaka darasa la 6 kuna mitatu:

- Core Subjects, namba 391, una sehemu za lugha, hesabu, sayansi, jamii na sanaa
- Science of Teaching Reading, yaani jinsi ya kufundisha kusoma, namba 293
- Pedagogy and Professional Responsibilities, yaani mbinu za kufundisha na wajibu wa mwalimu, namba 160, huu unaweza kuja baadaye kidogo

Namba zinabadilikaga, kwahiyo thibitisha na programu yako kabla ya kulipia.

Kanuni kubwa ambayo watu wanaijua wakiwa wameshachelewa: kila mtihani una nafasi 5 tu, ya kwanza na marudio manne. Baada ya hapo ni kuomba msamaha maalum. Na kati ya jaribio na jaribio unasubiri siku 30. Kwahiyo usiende "kuonja" mtihani. Fanya jaribio la mazoezi nyumbani kwa saa, ukiona haufiki, usiende.

Wetu wanaangukia mtihani wa kusoma, 293. Sababu yake naielewa kabisa. Sisi tulijifunza kusoma kwa silabi, ba be bi bo bu, na Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtihani huu unakuuliza mtoto wa Kiingereza anajifunzaje kutofautisha sauti ndani ya neno ambalo halisomeki kama lilivyoandikwa, na unakuta istilahi ambazo hata mwalimu wa Kiingereza wa sekondari nyumbani hakuwahi kukutana nazo. Haujapungukiwa kitu, ni kwamba hili ni somo jipya kwako. Lipe miezi, sio wiki. Una pia sehemu ya kuandika ambapo unapewa kazi ya mtoto uchambue anakwama wapi na utamsaidiaje, ifanyie mazoezi kwa mkono mara nyingi.

Sehemu ya jamii ya 391 nayo ina historia ya Texas na katiba ya Marekani. Chukua vitabu vya watoto wa darasa la 4 maktaba, historia ya Texas inafundishwa darasa hilo, vinasomeka haraka na vinatosha kukupa msingi.

## Hatua ya 8: Kazi na cheti cha mafunzo

Ukishafaulu mtihani wa somo na wa kusoma, programu inakupa barua ya kuonyesha waajiri kwamba uko tayari. Ukiajiriwa unaomba cheti cha Intern cha mwaka mmoja, unafundisha darasa lako mwenyewe kwa mshahara wa mwalimu, ukiwa na mwalimu mlezi shuleni na msimamizi wa programu anayekuja kukuangalia. Kama mtihani wa 160 nao umefaulu, unaweza kupewa cha Probationary badala yake. Ukikosa kufaulu wote kwenye mwaka wa Intern huwezi kuomba Intern nyingine, hapo wengi wanapoteza kazi mwezi wa sita huku wanafunzi wanawapenda.

Ajira zinafunguka kuanzia kama mwezi wa nne mpaka wa nane shule zikifunguliwa. Omba wilaya nyingi, sio ile ya karibu tu. Kwenye intaviu usifiche ulikotoka. Shule za Fort Worth na Houston zina watoto wanaoongea Kiswahili na Kinyarwanda nyumbani, mwambie mkuu wa shule wazi kwamba unaweza kumpigia mzazi simu akakuelewa.

Tahadhari kuhusu kuajiriwa bila cheti. Tangu HB 1842 ya 2015 wilaya nyingi zilijipa ruhusa ya kuajiri walimu wasio na cheti, na watu wetu kadhaa wakaingia hivyo wakatulia. Mwaka 2025 bunge la Texas lilipitisha HB 2 na sasa mlango huo unafungwa hatua kwa hatua kwa masomo ya msingi. Kama uko darasani bila cheti, usisubiri barua ya wilaya, jiunge na programu sasahivi.

## Hatua ya 9: Cheti cha kudumu

Ukimaliza mwaka wa mafunzo vizuri na mitihani yote, programu inakupendekeza, unaomba kwenye ekaunti yako ya TEA, unalipa ada. Kama haukupigwa alama za vidole mapema unapigwa sasa. Mwenye kesi ya zamani, hata ndogo ya barabarani iliyofika mahakamani, aombe TEA wamfanyie tathmini ya awali ya rekodi kabla hajalipa programu, huduma hiyo ipo na inaokoa hela nyingi.

Cheti cha Standard kinadumu miaka 5 na kuhuisha unahitaji masaa 150 ya mafunzo endelevu. Hifadhi kila karatasi ya semina toka siku ya kwanza.

Ukishakipata, ongeza mtihani wa ESL, yaani kufundisha Kiingereza kwa wanaojifunza lugha hiyo, namba 154. Hauhitaji kurudi programu, mwenye cheti cha Standard anajisajili mwenyewe, na shule zenye watoto wanaojifunza Kiingereza zinauhitaji. Usome wakati akili bado ina moto wa mitihani, kabla mwaka mpya wa shule haujaanza.